Vézelay, Conques au Champagney: kijiji kipi cha Ufaransa ukiwa na siku chache

Mjomba wangu anakuja mwezi wa sita. Ni mwalimu wa historia aliyestaafu, goti la kushoto linamsumbua, na viza yake ni ya wiki mbili. Siku za mwanzo atakuwa Paris kwa rafiki yake, kisha atanifuata huku Lyon ninakoishi. Kwenye simu alisema jambo moja tu: "Mpwa wangu, mnara nitauona kwa mbali. Wewe nipeleke kijijini, nione watu hawa walitokea wapi."

Tangu hapo nina karatasi yenye safu tatu mezani: Vézelay, Conques, Champagney. Zote tatu nimezifikia, na zote nilikwenda na Mama alipokuja kutoka Kilwa. Naziweka hapa upande kwa upande kwa sababu najua si mjomba wangu peke yake. Wazazi na shangazi wengi wanakuja Ulaya kututembelea, wanapigwa picha kwenye mnara wa Eiffel na kurudi nyumbani bila kuuona upande wa pili wa nchi.

Kwanza uvione kwa macho ya mbali.

Vézelay iko mkoa wa Yonne, Burgundy, kusini mashariki ya Paris. Ni kilima kimoja, njia moja inayopanda, na basilika ya Maria Magdalena kileleni. Wakazi wake ni 400 hivi. Ukiwa bado barabarani, kati ya mashamba ya ngano na mizabibu, unaliona kanisa likisimama juu peke yake.

Conques iko kusini, mkoa wa Aveyron. Hii huioni mpaka uifikie. Imejificha kwenye bonde, nyumba zimeng'ang'ania ubavu wa mlima, na mapaa ni ya vipande vya jiwe jeusi-jeusi vilivyopangwa kama magamba ya samaki.

Champagney iko mashariki, mkoa wa Haute-Saône, chini ya milima ya Vosges. Haimo kwenye kadi za posta. Ina watu zaidi ya 3,000, kanisa, shule, duka la mikate na kituo cha treni. Anayetafuta kijiji cha kupigia picha ataipita bila kugeuka. Mimi nimeiweka kwenye karatasi kwa sababu ya kurasa chache zilizoandikwa hapo tarehe 19 Machi 1789.

Kufika

Hapa Conques inapoteza mapema. Treni ya usiku inatoka Paris mpaka Rodez, na usingizi wake si mbaya, lakini kutoka Rodez bado kuna kilomita kama 40 za barabara ya kupindapinda, na usafiri wa umma ni wa kubahatisha. Bila gari la kukodi usiende, labda uwe unatembea kwa miguu kama mahujaji wanaotoka Le Puy-en-Velay, kama kilomita 200 nyuma.

Vézelay ina kituo chake bondeni, Sermizelles, kama kilomita 10 kutoka kijijini. Treni zinatoka Paris Bercy. Kosa la wageni ni kudhani watakuta teksi zimepanga foleni kituoni. Hazipo. Piga simu siku moja kabla, au mwombe mwenye nyumba ya wageni akuitie.

Champagney ndiyo rahisi kuliko zote: treni ya kasi kutoka Paris mpaka upande wa Belfort, kisha treni ndogo zinazoelekea Lure, unashuka kijijini kwenyewe. Mzee mwenye goti bovu atanishukuru kwa hilo.

Milango miwili ya mawe

Vézelay na Conques zinafanana kwa jambo moja kubwa. Zote mbili zilikua kwa ajili ya mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela huko Hispania, na katika karne ya 12 zote ziliweka juu ya mlango wa kanisa picha kubwa ya kuchonga, nusu-duara ya mawe, ili mtu asiyejua kusoma aelewe anaingia wapi. Kwa hiyo ukitaka kuzilinganisha, simama mlangoni kwanza.

Mlango wa Conques unasimulia Siku ya Hukumu. Kuna watu 124 pale juu. Kushoto kwako ni peponi, wametulia kwenye mistari iliyonyooka. Kulia ni motoni, na huko ndiko macho ya kila mtu yanakokwenda: bahili amening'inizwa na mfuko wake wa fedha shingoni, mwindaji haramu anabanikwa na mnyama aliyekuwa akimwinda. Pembezoni kabisa, kwenye ukingo wa tao, kuna vichwa vidogo vinavyochungulia kama watoto nyuma ya pazia. Mabaki ya rangi bado yanaonekana baada ya miaka 900. Majira ya joto, jioni, mtawa mmoja hutoka akasimama mbele ya mlango na kuueleza sura kwa sura, kisha kinanda cha kanisa kinapigwa. Ndiyo maana nasema Conques ni ya kulala. Ukija mchana na kuondoka saa kumi, umeona nyumba nzuri tu.

Mlango wa Vézelay uko ndani, kwenye ukumbi wa mbele wa basilika. Yesu amekaa katikati, mikono imefunguka, na miale inatoka vidoleni mwake mpaka kwenye vichwa vya mitume anaowatuma duniani. Kuwazunguka wamechongwa mataifa ya mbali watakaoletewa ujumbe. Mchongaji aliyapanga kadiri alivyosikia: watu wenye masikio makubwa ya kujifunika mwili mzima, watu wenye vichwa vya mbwa, watu wafupi mno mpaka wanapanda farasi kwa ngazi.

Mama aliwatazama wale wenye masikio kwa muda mrefu. Yeye amekulia Kilwa. Magofu ya kisiwani ameyaona tangu akiwa msichana, na anajua kwamba mawe haya yalipokuwa yakichongwa, watu wa Kilwa walikuwa na msikiti wao na walikuwa wakifanya biashara na Uarabuni na Uajemi. Akasema, "Wametuchora bila kutuona." Hakukasirika. Lakini neno hilo lilibaki nami, na ndilo baadaye lililonifanya niifikirie Champagney kwa namna nyingine.

Zaidi ya mlango

Kwa mwalimu wa historia, Vézelay ina uzito ambao Conques haina. Hapo, Pasaka ya mwaka 1146, mtawa Bernard wa Clairvaux alihubiri Vita vya pili vya Msalaba, na umati ulikuwa mkubwa mno kwa kanisa hata akahubiria mteremkoni, nje. Mwaka 1190 mfalme wa Ufaransa, Philippe Auguste, na Richard wa Uingereza walikutana kwenye kilima hichohicho kabla ya kuondoka kwenda Vita vya tatu. Mwislamu akisimama pale, na Mama alisimama, hasomi habari hiyo kama msomaji wa Burgundy anavyoisoma. Naona ni sababu ya kwenda, si ya kukwepa. Mahali uamuzi ulipotolewa panafundisha jambo ambalo kitabu hakikufundishi: udogo wake. Ni kilima tu, chenye upepo.

Ndani, basilika ni ndefu na nyeupe, matao yake yamepokezana mawe ya rangi mbili, ya kahawia na meupe. Ukiweza chagua siku za karibu na tarehe 21 Juni. Jua la mchana huingia madirisha ya juu upande wa kusini na kuangusha madoa ya mwanga katikati kabisa ya sakafu, moja baada ya jingine, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni, kama mawe ya kuvukia mto. Kwa saa ya kiangazi ya Ufaransa hutokea saa nane kasoro kidogo. Mjomba atakuwa hapa siku hizo, na nakiri hili limeivuta mizani.

Jengo hilo lilikaribia kupotea. Prosper Mérimée, mkaguzi wa majengo ya kale wa serikali, alifika mwaka 1834 akalikuta linabomoka. Mwaka 1840 kazi ya kuliokoa alipewa msanifu majengo Viollet-le-Duc akiwa kijana wa miaka 26. Tangu 1979 kanisa na kilima chake vimo katika Urithi wa Dunia.

Mérimée huyohuyo alifika Conques mwaka 1837, na kule alikuta kitu asichokitarajia: hazina. Kijiji hiki kidogo kina sanamu ya Sainte Foy, msichana aliyeuawa kwa ajili ya dini yake huko Agen akiwa mdogo. Masalia yake yaliletwa Conques karne ya 9, na watawa wenyewe hawakuficha kwamba mmoja wao aliyaiba. Sanamu haifiki mita moja, ni ya mbao iliyofunikwa dhahabu na vito vilivyoachwa na mahujaji kwa karne nyingi, na uso wake ni wa kale zaidi ya mwili. Karibu na mwaka 1013 msomi Bernard wa Angers aliiona mara ya kwanza akadhani ni sanamu ya kipagani. Baadaye akabadili mawazo. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, dhahabu za makanisa zilipokuwa zikichukuliwa na kuyeyushwa, wanakijiji waliigawana hazina hiyo wakaificha majumbani kwao, na hali ilipotulia wakairudisha. Katika vijiji vyote nilivyotembelea nchi hii, hakuna kisa kinachonigusa kwa uaminifu wa watu wa kawaida kuliko hicho.

Kisha kuna madirisha. Pierre Soulages, mchoraji mzaliwa wa Rodez, aliletwa Conques na shule akiwa mtoto na hapo ndipo aliamua maisha yake yatakuwa ya sanaa. Kati ya 1987 na 1994 aliyatengenezea madirisha yote 104 ya kanisa vioo vipya. Havina picha wala rangi. Ni kioo cheupe kisichopenywa na macho, kimekatwa na mistari myeusi iliyopinda, na rangi inaletwa na mwanga wenyewe: asubuhi kuna ubuluu, jioni kuna rangi ya chungwa. Mama, ambaye kwenye makanisa mengine alikuwa akinisubiri nje, hapa alikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Alisema ni nyumba ya kwanza ya Wakristo aliyoingia bila kutazamwa na mtu ukutani.

Kwa uzuri, basi, Conques inaishinda Vézelay. Sioni haja ya kuzunguka hapo.

Champagney na kifungu cha 29

Mapema mwaka 1789 mfalme Louis XVI aliitisha bunge la matabaka matatu, na kila parokia ya Ufaransa ikaambiwa iandike daftari la malalamiko yake. Vijiji vingi vililalamikia kodi, chumvi, misitu na mabwana wa ardhi. Watu wa Champagney nao walilalamikia hayo. Lakini katika kifungu cha 29 waliandika kuhusu watu weusi waliofanywa watumwa kwenye makoloni. Walisema hawawezi kufikiria mateso yao bila mioyo kujaa uchungu, kwani wanatendewa vibaya kuliko wanyama wa mizigo. Walisema mtu akitafakari kwamba mazao ya makoloni hayo yamenyweshwa damu, hawezi kuyatumia. Wakamsihi mfalme atafute njia ya kuwafanya watu hao raia wa manufaa kwa ufalme na kwa nchi.

Hawa walikuwa wakulima na wachimbaji, mbali na bahari, mbali na bandari zilizotajirika kwa biashara hiyo. Wapi walijifunza kujali? Panatajwa mambo mawili. Moja ni Jacques-Antoine Priqueler, mzaliwa wa kijiji aliyekuwa afisa katika walinzi wa mfalme, ambaye alirudi na habari za chama cha wapinga utumwa kilichoanzishwa Paris mwaka 1788. La pili ni mchoro uliomo kanisani kwao, wa mamajusi watatu, mmoja wao mweusi. Kila Jumapili walimtazama yeye.

Sasa weka hilo pamoja na jambo ambalo kila mtu wa Kilwa angepaswa kulijua. Mwaka 1776, miaka 13 kabla ya daftari la Champagney, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, piastre 20 (sarafu ya wakati ule) kwa mtu, wapelekwe kwenye mashamba ya kisiwa tunachokiita leo Morisi. Watu hao walitoka ndani ya bara, upande wetu wa kusini, na kupita kwenye pwani ya Mama yangu. Wafaransa waliowanunua waliziona nyuso zao. Wakulima wa Champagney hawakuwaona kamwe.

Kijijini kuna jumba la makumbusho, Maison de la Négritude, lililofunguliwa mwaka 1971 chini ya udhamini wa Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa Senegal wakati huo, baada ya mkazi mmoja kukiibua kifungu hicho kutoka kwenye nyaraka. Ni jumba dogo. Halina dhahabu. Mama aliomba nimsomee kifungu mara mbili, nikamtafsiria papo kwa papo, vibaya vibaya. Tulipotoka alisema, "Hawa nao hawakutuona." Hakuongeza neno mpaka kituoni.

Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, Napoléon akaurudisha 1802, ukafutwa tena 1848. Ukienda na watoto, wasomee tarehe hizo kwa mpangilio huo, maana ndio wenyewe wanaouliza kwa nini ulirudi.

Jambo moja la kuongezea safari: kilomita chache tu kutoka hapo ni Ronchamp, yenye kikanisa kilichobuniwa na msanifu majengo Le Corbusier na kumalizika 1955, paa lake kama ganda la kaa lililogeuzwa. Anayesema Champagney haina cha kuona aende na huko siku hiyohiyo. Gari linafika mpaka getini.

Tumbo, kitanda, miguu

Haya nayapita haraka, ila usiyadharau. Vijijini jikoni hufunguliwa saa sita na kufungwa saa nane. Vézelay tulifika mgahawani saa nane na nusu, Mama ana njaa na dawa za kumeza, tukaambiwa hakuna, hata supu. Tulinunua mkate, jibini na matunda tukala kwenye ukuta nyuma ya basilika, mahali bonde lote la mto Cure linapoonekana. Beba chakula kidogo, hasa Jumatatu, siku ambayo maduka mengi hufungwa.

Asiyekula nguruwe aulize kila mara. Burgundy nyama nyingi zimepikwa kwa mvinyo. Aveyron kuna *aligot*, viazi vilivyopondwa na jibini bichi mpaka vinavutika kama ubani wa kutafuna, kitamu sana, lakini huletwa na soseji ya nguruwe, kwa hiyo sema mapema usiletewe. Upande wa Champagney kimbilio ni jibini la Comté, na Belfort ni mji, hukosi duka la nyama ya halali. Na popote uingiapo, duka au nyumba, sema *bonjour* kwanza kabla ya shida yako. Ni hodi yao. Asiyepiga hodi hahudumiwi vizuri, na si ubaguzi, ni adabu.

Kulala, Conques ina nyumba chache na mahujaji wengi. Weka nafasi miezi kabla. Vézelay wiki chache zinatosha. Champagney lala Belfort. Kuanzia Novemba mpaka karibu na Pasaka, milango mingi ya vijijini hufungwa au hupunguza saa, kwa hiyo thibitisha kila jumba kabla ya kukata tiketi, hasa lile la Champagney, ambalo ndilo sababu yako ya kwenda.

Kwa miguu: Champagney ni tambarare. Vézelay ni mpando mmoja, wa taratibu, wenye mahali pa kupumzika. Conques ni mawe, ngazi na miteremko, na mvua ikinyesha yanateleza.

Nani aende wapi

Mwenye gari, magoti mazima na usiku mmoja wa kulala, aende Conques bila kusita. Wanandoa, wachoraji, na yeyote aliyechoka na kelele, hicho ndicho kijiji chao. Anayetoka Paris kwa treni na anataka kijiji kimoja tu chenye kila kitu, aende Vézelay. Familia inayotaka watoto wake wajue jina la babu zao lilipita wapi katika historia ya nchi hii, iende Champagney, na isikatishwe tamaa na barabara yake ya kawaida.

Mjomba nimemkatia Vézelay tarehe 21, nimpokee Sermizelles, tulale hapo, kisha nusu siku ya gari mpaka Champagney. Conques nimemwondolea kwa sababu ya goti. Alikubali, kwa sharti moja: kabla hajafika anataka kifungu cha 29 kwa Kiswahili, kimeandikwa vizuri, akisome mwenyewe pale mbele ya kanisa. Nimekaa nacho siku nne. Kimebaki na neno moja, *semblables*, wanalotumia wanakijiji kuwataja wale watu wa ng'ambo. Nimeandika "wenzao". Nikafuta, nikaandika "watu kama wao". Jana usiku nimerudisha "wenzao".